Komeo la Tatu

Siku ya kufunga shule, aliyeogopwa kuliko wote hakuwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu siku hiyo alivaa tai mpya na tabasamu la wageni, akapita huku na huko akipeana mikono kama mgombea. Aliyeogopwa ni lango. Lango lilikuwa na makomeo matatu ya chuma, kila moja na sharti lake, na nyuma yake alisimama mlinzi aliyeitwa Komandoo, mzee mwenye kofia iliyonyooka na tumbo lililomtangulia kila aendako. Komandoo hakuwahi kuwa komandoo. Jeshini alikuwa mpishi, na wala hakulificha jambo hilo. Alisema tu kwamba mtu aliyewahi kugawa nyama kwa askari wenye njaa hawezi kutishwa na wazazi.

Komeo la kwanza lilikuwa kadi ya kijani, yenye picha ya mzazi na namba ya mtoto. La pili lilikuwa sura: Komandoo aliinua kadi usawa wa uso wa mzazi, akafumba jicho moja, akalinganisha pua na pua. Mpaka hapo wazazi walikuwa bado wanacheka. Komeo la tatu ndilo lililowatoa jasho. La tatu lilikuwa swali.

Swali lenyewe halikuandikwa popote. Afisa Usalama wa shule zote za wilaya, bwana mwembamba ambaye wasichana walimwita Mwongozo kwa kuwa hakumaliza sentensi bila kuutaja mwongozo, alieleza mbele ya shule nzima kwamba jibu lililoandikwa huibwa, na jibu lililozoeleka huuzwa bwenini kwa kipande cha sabuni. Basi Matroni alilitunga swali palepale. Mtoto aliketi ofisini kwake, kwenye benchi, mgongo dirishani, ili asimwone mzazi langoni wala mzazi asimpe ishara. Matroni akamwuliza mtoto, Komandoo akamwuliza mzazi, kisha wakapeana majibu kwa redio za mkononi. Yakilingana, mtoto anatoka. Yasipolingana, swali la pili. Na la pili likishindikana, mtoto habanduki mpaka aje mwingine mwenye kadi.

"Lango kwa Ofisi, Lango kwa Ofisi," redio ilikoroma asubuhi hiyo. "Mzazi anasema binti yake yuko kidato cha tatu. Ova."

"Ofisi kwa Lango," akajibu Matroni. "Binti yake yuko kidato cha nne."

Redio ikakoroma tena.

"Mzazi anauliza tangu lini. Ova."

Wasichana waliokuwa kwenye foleni nje ya ofisi, kila mmoja amekalia sanduku lake, waliangua kicheko hadi Matroni akagonga meza. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Kiroboto, ingawa kama ungemtazama vizuri ungeona kwamba alicheka huku jicho moja likiwa kwenye njia ya kutokea, ile iliyopita kati ya maua yaliyopaliliwa kwa adhabu, nyingi zikiwa zake.

Ifahamike tangu hapa kwamba Kiroboto hakuwa mtoto mbaya. Hilo lilitamkwa rasmi mbele ya kamati ya nidhamu na Wakili, rafiki yake wa kitanda cha juu, tena kwa uso mkavu kiasi kwamba mwalimu mkuu alilazimika kutazama dari. Jina la Kiroboto alilipata kidato cha kwanza, kwa sababu alikuwa mdogo na hakukalika naye. Mwaka huu alikuwa amerefuka ghafla, mikono ikatoka nje ya mikono ya sweta kama watu waliochoka kungoja, lakini jina likabaki.

Na ifahamike pia kwamba sheria ya komeo la tatu ilikuwa na mzazi, na mzazi wake alikuwa yeye. Zamani makomeo yalikuwa mawili na Komandoo hakuyatilia maanani. Jumamosi moja Wakili, ambaye ni mrefu na ana sauti ya mtu mzima, alivaa wigi la klabu ya maigizo na miwani ya mwalimu wa jiografia, akatoka nje amejificha kwenye msafara wa wageni, kisha akarudi langoni kumtoa "mtoto wa kaka yake". Komandoo alimpigia saluti. Walipokuwa wanarudi, shangazi huyo alikuwa ameshika barafu ya kijiti, na chini ya gauni lake la heshima zilichungulia soksi nyeupe za shule zenye mistari miwili ya bluu. Saluti ya pili haikutolewa.

Kesi ilisikilizwa. Mwongozo alikuja na gari la idara, akakagua uzio, ndoo za mchanga za moto na tundu lililokuwa nyuma ya jiko, kisha akasimama mbele ya wanafunzi akasema kwamba mtoto akiweza kutolewa na wigi, anaweza kutolewa na yeyote. Aliposema "yeyote", hata wale wa nyuma waliacha kunong'ona. Tangu siku hiyo swali likawepo katika kila shule ya wilaya, kubwa kwa ndogo, na wasichana wakaliita Sheria ya Kiroboto. Mwenyewe alipunga mkono kila lilipotajwa, kama mheshimiwa.

Kamati iliuliza walifuata nini nje. Kiroboto akajibu barafu. Wakili naye akajibu barafu, na hadi leo kumbukumbu za shule zinaonyesha kwamba wilaya nzima ilibadilisha taratibu zake kwa sababu ya barafu.

Haikuwa barafu. Mama yake Kiroboto alikuwa ng'ambo, kwenye kiwanda cha nguo, alikokwenda mtoto wake akiwa bado shule ya msingi. Jumamosi ile alikuwa amepata siku ya mapumziko, akatuma salamu kupitia kwa bibi kwamba angeweza kupiga simu ya kuonana, kama kungekuwa na pa kuipokelea. Simu ya bibi ilikuwa ya vitufe. Ilijua kutoa sauti tu. Shuleni simu zilikatazwa. Njia panda, karibu na lango, palikuwa na duka lenye kompyuta. Kiroboto aliketi mbele ya kioo kile huku Wakili akilinda mlango, na mama akatokea, akasema "Mwanangu," na mtandao ukakwama. Uso ulibaki hapohapo, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Kiroboto aliusubiri. Baadaye akaanza tu kuongea nao. Aliuhadithia uso ule habari za shule mpaka mwenye duka akasema muda umekwisha.

Kwa hiyo mtu akimwambia kwamba amewasumbua wazazi wa wilaya nzima, Kiroboto hutabasamu na kusema ni kweli, barafu ilikuwa tamu.

Foleni ilisogea. Baba yake Wakili aliulizwa mtoto wake anaogopa nini, akajibu kwa kifua kwamba damu yake haiogopi kitu. Wakili alikuwa amejibu mende. Swali la pili likawa: akikasirika hufanya nini?

"Baba anasema huongea," redio ikaripoti. "Anasema hata asipokasirika. Ova."

"Imelingana," akasema Matroni. "Nenda, mwanangu, ukaongee kwenu."

Wakili aliinua sanduku, kisha akalitua tena akamkumbatia rafiki yake.

"Bibi atakuja tu," alisema. "Anachelewa ila anakuja."

"Bibi hachelewi. Ni shule inayofunga mapema."

"Haya, dada. Usiunguze shule nikiwa sipo."

"Nitakusubiri ndiyo niiunguze."

Akaondoka. Njia kati ya maua ikameza sanduku, mgongo na mwishowe sauti, ambayo ilikawia kupotea kuliko vyote. Wakaondoka na wengine. Ua likawa na ule ukubwa wa siku za kufunga, vipande vya karatasi vikitambaa peke yake na kamba za kuanikia nguo zikiwa tupu. Kila muhula Kiroboto alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Bibi alikuwa na magoti yaliyojadiliana kwanza kabla ya kukubali safari. Kiroboto alikuwa ameshalizoea benchi lile hadi likawa na alama ya kucha yake chini ya ubao. Kilichomshinda kuzoea ni kazi ndogo aliyoifanya akiwa amekaa hapo: kila redio ilipokoroma, kabla Komandoo hajataja mtu, alimweka mama langoni. Alimvalisha ile blauzi ya kijivu aliyoondoka nayo. Halafu Komandoo alitaja baba wa fulani, na yeye akaivua blauzi, akaikunja, akaiweka kwa ajili ya mkoromo unaofuata.

Redio ikakoroma.

"Lango kwa Ofisi. Amefika mwanamke mmoja, kadi anayo. Ni wa huyu mtoto wetu maarufu. Ova."

"Ama kweli leo bibi kawahi," akasema Matroni, akitafuta miwani.

"Siyo bibi. Bibi namfahamu, huwa ananitukana. Huyu anasema ni mama mzazi. Ova."

Matroni aliacha kutafuta miwani. Kiroboto alihisi shingo yake inaanza kugeuka yenyewe, kama ya kuku.

"Usigeuke," akasema Matroni taratibu.

"Sigeuki."

"Ukigeuka, swali limeharibika. Unaijua sheria."

"Sheria ni yangu, Matroni."

Akakaza mikono chini ya mapaja. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, nyuma ya dirisha njia, mwisho wa njia lango, na nyuma ya lango kulikuwa na mtu ambaye yeye alikuwa amemwita kwa miaka. Mbele yake kulikuwa na kalenda ya kiwanda cha sabuni. Akaitazama kalenda ile kwa bidii ambayo hakuwahi kuitumia katika hesabu.

"Ofisi, kuna tatizo dogo la mashavu," redio ikaendelea. "Kwenye picha, ile ya zamani aliyoileta bibi siku ya kuandikisha, mama ana mashavu. Hapa hana. Ova."

"Macho je?"

"Macho ni yaleyale. Picha ina pengo la meno, la mbele. Ngoja." Redio ikakwaruza. "Nimemwomba acheke. Amecheka. Pengo lipo. Komeo la pili limefunguka. Ova."

Mama alikuwa amecheka, hatua chache kutoka pale, na aliyekiona kicheko ni Komandoo.

Matroni akafikiri. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye funguo nyingi kiunoni na huruma aliyoificha kama peremende. Alitafuta swali rahisi, swali ambalo mama yeyote angelijibu akiwa usingizini, na labda usingizi ndio uliomletea wazo.

"Sikiliza. Wewe hulala taa ikiwa imewashwa au imezimwa?"

Mtu yeyote wa bweni angejibu. Kiroboto ndiye aliyekuwa akizichomoa balbu. Gizani ndimo alimofanyia kazi zake zote kubwa: kufunga kamba za viatu vya viranja kitanda kwa kitanda, kutoa sauti ya paka aliyebanwa. Lakini mama hakulijua bweni. Mama alimwacha mtoto aliyelilia taa, aliyelala akiwa amemshika ncha ya sikio, ambaye kibatari kikizimika tu aliamka akipiga kelele. Huyo ndiye mtoto aliye kichwani mwa mama. Hata nguo alizotuma zilikuwa za mtoto huyo: kila baada ya muda kilikuja kifurushi chenye gauni lililoshonwa kwa mishono ya kiwandani iliyonyooka kama rula, na kila gauni lilimwishia Kiroboto mbavuni. Bibi alimwambia kwa simu kwamba mtoto amekuwa mlingoti. Mama alicheka, akashona tena lilelile.

Basi ukitaka kukutana na mtu, mfuate pale anapokudhani upo.

"Imewashwa," akasema Kiroboto.

Matroni aliinua nyusi, lakini akaipeleka redioni kama ilivyo.

"Mama anasema imezimwa," Komandoo akaripoti. "Anasema mtoto keshakuwa mkubwa sasa, haogopi tena. Ova." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kijeshi: "Mama anauliza kama amekosea. Ova."

Kiroboto akafumba macho. Alikuwa amemkimbilia mama kule nyuma alikomwacha, na mama naye kumbe alishaondoka huko, akaja mbio mpaka hapa mbele kumtafuta. Walikuwa wamepishana kama watu wawili kwenye ngazi mbili.

"Moja limebaki," akasema Matroni.

Safari hii hakutafuta swali rahisi. Alitafuta swali ambalo jibu lake yeye mwenyewe alilijua, na alilijua vizuri, kwa maana muhula uliopita Kiroboto alilazwa chumba cha wagonjwa kwa homa, na Matroni ndiye aliyekesha akimbadilishia kitambaa cha maji. Akawa na hakika kwamba mtoto angejibu hivyo na mama angejibu hivyohivyo. Akajiona amemaliza kazi.

"Ukiumwa," aliuliza, "humwita nani?"

Na hapa ndipo ujanja ulipomponza Kiroboto, kama ulivyokuwa ukimponza kila muhula. Angejibu haraka, yangeisha. Lakini alishafundishwa na swali la kwanza. Mama anaamini nimekua, akawaza. Mama anajua ninaishi kwa bibi, bibi ndiye anayenichemshia maji, bibi ndiye anayekuja na kadi. Mama hatathubutu kujitaja.

"Bibi," akasema.

"Umesema nani?"

"Bibi."

Matroni alimtazama kwa muda, redio ikiwa mkononi kama kitu alichosahau matumizi yake. Kisha akalipeleka swali langoni.

"Mama anafikiri. Ova," akasema Komandoo.

Huko nje mtu alikohoa. Kenge akakatiza kwenye mabati ya paa.

"Mama bado anafikiri. Ova." Kisha: "Mama amesema bibi. Amesema bibi yake ndiye amemlea, ndiyo haki. Ova. Imelingana au haikulingana? Nifungue? Ova."

"Imelingana," akasema Matroni, na hakuisema kwa furaha. "Haya, mwanangu. Sasa waweza kugeuka."

Kiroboto hakugeuka. Alikuwa ameshinda. Katika historia yake yote na lango lile, na ilikuwa historia pana, hakuwahi kushinda kwa usafi namna hii: hakuna wigi, hakuna soksi. Komeo la tatu limefunguka kwa jibu aliloliokota kichwani mwa mtu mwingine. Lakini neno lile "ndiyo haki" lilimkaa masikioni. Alisikia jinsi lilivyosemwa, hata likipitia kwa mpishi wa jeshi.

"Nimedanganya, Matroni."

"Najua. Nilikesha nawe usiku ule wa homa. Ulimwita mama mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaitika."

"Kwa hiyo jibu si la kweli."

"Sheria haidai la kweli, inadai la kulingana. Chukua sanduku lako uende."

"Nikitoka kwa jibu hilo, ataondoka nalo. Atalibeba mpaka huko kiwandani, atakaa nalo mbele ya cherehani." Kiroboto alinyoosha mkono, bado akiwa ameielekea kalenda. "Naomba redio."

"Watoto hawaruhusiwi kushika redio."

"Shikamoo, Matroni. Naomba redio."

Matroni alikuwa ameshaamkiwa asubuhi, tena na mtoto huyuhuyu, lakini akampa.

"Ofisi kwa Lango," akasema Kiroboto, na sauti ikamtoka nyembamba. "Hapa ni Kiroboto."

"Toka kwenye redio hiyo, binti! Hiki ni chombo cha idara! Ova."

"Mzee wangu, nakuomba. Sitakusumbua tena muhula mzima. Mwambie mama jibu langu lilikuwa la uongo. Mwambie nikiumwa namwita yeye. Hata nikijua hasikii. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Matroni akaitazama redio kama betri imekwisha.

"Lango limepokea," Komandoo akasema hatimaye. "Mama naye amepokea. Kwa sasa hawezi kuongea. Ova." Akavuta pumzi, ikasikika kote. "Lakini Ofisi, nasikitika. Mama kasema bibi, mtoto sasa anasema mama. Majibu hayalingani tena. Narudisha komeo. Ova."

Na chuma kikasikika kikirudi mahali pake, kla, kwa haki kamili.

Matroni alizishika funguo zake kiunoni. Angeweza kusema mengi, lakini bwana mwembamba wa wilaya alikuwa ameapa kwamba siku lango litakapoanza kuhurumia, ndiyo siku litakapomhurumia mtu asiyefaa, na Matroni, kwa bahati mbaya, alikubaliana naye.

"Sheria ni sheria," alisema.

"Ni yangu," akasema Kiroboto, akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mpigie bibi."

Bibi alipigiwa. Sauti yake ilitoka kwenye simu bila msaada wa kipaza sauti chochote.

"Nimekaa nyumbani makusudi, nikamwachia mwanangu nafasi amchukue mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe, nyie mmemfanya nini? Mmemtahini? Mtu ametoka ng'ambo jana! Kadi yangu nilikuwa nataka kuwashia jiko! Nakuja. Mwambie huyo mpishi wenu nakuja."

Mwongozo wenyewe, katika kurasa zake zote, haukusema popote kwamba mtoto anayesubiri hawezi kusubiri karibu na lango, ilimradi awe ndani. Matroni alilipitia jambo hilo kichwani mara mbili, kisha akasema, "Nenda kasimame pale. Ndani. Nakuona kutoka hapa."

Ndipo Kiroboto akageuka.

Aliitembea njia ile kati ya maua. Alikuwa na nia ya kukimbia, lakini miguu ilimgomea, ikaenda kwa adabu kama ya bibi harusi. Nyuma ya nondo alisimama mwanamke mwembamba, mwenye begi begani. Blauzi haikuwa ya kijivu. Ilikuwa ya manjano, na Kiroboto akaona aibu kidogo kwa kumvalisha nyingine muda wote ule.

Komandoo aliwapa mgongo, akaanza kukagua ukuta ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mama alikuwa ameelekeza macho yake chini kidogo, mahali ambapo mtoto wake alipaswa kuwa, halafu ikabidi ayapandishe, akayapandisha tena.

"Umekuwa hivi tangu lini?" alisema.

"Usiulize hivyo, mama. Kuna mzazi mmoja kauliza hivyohivyo leo, tumemcheka."

Pengo likaonekana. Kiroboto aliliona kwa macho yake.

"Bibi yako aliniambia mlingoti. Nikajua ni maneno yake." Mama akapitisha mkono kati ya nondo, akagusa bega, kisha shingo, kisha akauacha mkono hapo. "Yale magauni. Yalikutosha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umevaa na kuchana nywele. Kiroboto akaurudisha.

"La kwanza lilinitosha."

"Na mengine?"

"Kuna mtoto wa kidato cha kwanza anapendeza nayo sana. Walimu wanamwuliza nani fundi wake."

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikabadilika katikati kikawa kitu kingine. Kiroboto alipitisha mkono wake na yeye. Ulipita mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikalipata sikio, ile ncha laini ya chini, vikaishika.

"Likizo ni fupi," akasema mama. "Mkataba bado. Nitarudi kule."

"Najua."

"Bibi kakwambia?"

"Hapana. Umekuja na begi dogo."

Mama alifungua begi lile dogo, akatoa utepe wa kupimia, uliofifia namba kwa kushikwa. "Simama wima," alisema, na sauti ikawa ya kazi. "Safari hii sishoni kwa kukumbuka."

Kiroboto akasimama wima, akajibana kwenye nondo. Mama alipima bega kwa bega, chuma kikiwa katikati, akinong'ona namba na kuzirudia ili azihifadhi. Alipima kifua. Akachuchumaa, akapima toka kiunoni kwenda chini, akafika mwisho wa sketi, akaendelea kushuka, akitikisa kichwa.

Pikipiki ikafunga breki nje. Bibi alishuka akiwa ameshatanguliza maneno, kadi ya kijani ameiinua juu kama mwamuzi wa mpira.

"Wewe mpishi! Sura hii unaijua?"

"Naijua, mama, shikamoo."

"Marahaba. Leta swali lako."

Swali lilikuja redioni, kwa sauti ya Matroni iliyokuwa na mafua ya ghafla: nani amekuja kumchukua mtoto huyu leo?

"Swali gani hilo? Mama yake!" Bibi alinyoosha kidole. "Si huyo hapo anampima!"

Kiroboto, akiwa amempa Komandoo mgongo, bila kugeuka, alisema neno lilelile. Komandoo alilipeleka redioni kama inavyotakiwa, akafungua la kwanza, akafungua la pili, akalivuta la tatu, na lango likasogea kwa kilio chake cha siku zote.

"Lango liko wazi," alitangaza. "Tokeni."

Hakuna aliyetoka. Nusu moja ya lango ilikuwa imesogea, lakini nusu nyingine ilibaki imesimama kati ya mama na mtoto, na utepe ulikuwa bado umezunguka kiuno ukipita kwenye nondo zake.

"Subiri," wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Mimi magoti yangu yanaweza kusubiri," bibi akasema, akaketi kwenye kiti cha Komandoo bila kukaribishwa.

Mama alikuwa amerudi kwenye urefu. Alibana utepe kwa kidole gumba pale gauni litakapoishia, chini ya goti, akaitamka namba.

"Acha upindo, mama," akasema Kiroboto.

"Nitaacha."

"Mkubwa. Wa kuweza kushusha nikirefuka."

Mama aliutazama utepe. Akasogeza kidole chini kidogo, akasita, akainua macho kumtazama mtoto wake, kisha akakisogeza tena.